Tanzia: Mtindo wa Bendi

Mtindo wa bendi umefariki dunia. Hakuna siku moja ya kifo iliyotangazwa redioni. Ulianza kudhoofika katikati ya miaka ya 1990, ukawa unaugua kimyakimya, na wengi wetu hatukwenda hata kuujulia hali. Umeacha watoto wawili walio hai, bendi za Msondo na Sikinde, wote wakazi wa Dar es Salaam, na wajukuu lukuki wasiojua jina la babu yao.

Kwa asiyeukuta, mtindo ulikuwa jina ambalo bendi ya dansi ilijipa, na chini ya jina hilo namna yake ya kugonga tumba, ya kupanga magitaa na ya kucheza. Western Jazz walikuwa na Saboso. Tabora Jazz, Segere Matata. Atomic Jazz wa Tanga, Kiweka Moto. Vijana Jazz, Pambamoto. Orchestra Maquis, waliotoka Kongo wakalowea Dar es Salaam, walikuwa na Kamanyola. Kupiga mtindo wa mwenzako ilikuwa aibu, na mashabiki walitaniana kwa majina hayo kama wanavyotaniana leo wa Simba na Yanga.

Marehemu alizaliwa katika miaka ya mwanzo ya Uhuru. Kabla yake, bendi zetu ziliegemea sana santuri za Kuba; Salum Abdallah wa Morogoro hakuona haya kuiita bendi yake Cuban Marimba. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipohutubia kama Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, aliuliza ni wangapi kati ya wale wanaojua rumba na chachacha wanaoweza kucheza gombe sugu, mangala au lelemama. Swali lile liliwafikia wapiga magitaa. Rumba hawakuiacha, na kwa nini waiache? Waliingiza ngoma za nyumbani ndani yake. Msondo ilikuwa ngoma ya unyago ya Pwani kabla haijawa mtindo wa bendi, na Sikinde nayo ina asili ya Uzaramo.

Wasifu wa marehemu hauandikiki bila Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Alizaliwa Juni 1944, na Morogoro Jazz, bendi iliyomtoa, iliasisiwa mwaka huohuo. Alijiunga nayo katikati ya miaka ya 1960, wakati Morogoro, mji mdogo chini ya milima ya Uluguru, ulipokuwa na bendi mbili ambazo Dar es Salaam nzima iliziogopa. Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na kijana wa upande wa pili akabaki na uwanja mpana.

Katika bendi nyingi mwimbaji husimama mbele na mpiga solo nyuma yake, kila mmoja na kazi yake. Mbaraka alifanya zote mbili, na wakamwita Soloist National. Akimaliza beti, gitaa lake linapokea palepale likilalamika kwa niaba yake, na huwezi kusema malalamiko yameishia wapi kwenye koo na kuanzia wapi kwenye nyuzi. Sauti yake haikuwa kubwa. Aliimba kama mtu anayemweleza shemeji yake jambo zito, bila kupiga kelele, akijua atasikilizwa.

Nyimbo zilikuwa pia gazeti. Dk. Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipouawa Siku ya Krismasi mwaka 1971, Mbaraka alimtungia wimbo wa maombolezo, na watu waliujadili msiba ule wakiwa wamesimama ukumbini. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1970, Morogoro Jazz walikuwa wamekwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Mwaka 1973 Mbaraka alitoka Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano, akaja na mtindo wa Masika.

Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri, kwa hiyo safari za Nairobi kurekodi hazikuepukika. Santuri ndogo za siku zile zilikuwa na adabu yake. Upande wa kwanza ndio uliobeba kisa: utangulizi wa magitaa, beti, kiitikio. Kisha muziki unakatika, mtu anainuka kuigeuza santuri, anaipuliza vumbi, anaiteremsha sindano. Upande wa pili unaanzia kwenye chemko. Hapo mashairi yamekwisha, solo limepanda juu, gitaa la pili linazunguka kifungu kilekile bila kuchoka, na jina la mtindo linaitwa kwa sauti. Aliyekuwa amekaa akisikiliza kisa kwa huzuni alikuwa sasa anacheza.

Mbaraka alifariki Mombasa Januari 1979 kwa ajali ya gari, akiwa na miaka 34. Polygram ya Kenya ikatoa nyimbo zake tena kwa mfululizo ulioitwa Ukumbusho. Mtindo wa Masika haukupata mrithi wa kimo chake.

Mtindo wenyewe uliishi zaidi ya miaka kumi na mitano baada yake, na mara nyingi lawama za kifo chake hutupiwa Bongo Fleva. Sikubali. Vyombo vya bendi nyingi vilikuwa mali ya mwajiri: jumuiya ya wafanyakazi NUTA, kiwanda cha nguo cha Urafiki, Shirika la Bima, JKT, Polisi, Magereza. Mwanamuziki alikuwa mtumishi mwenye mshahara, na mazoezi ndiyo kazi aliyoajiriwa. Radio Tanzania iliwarekodi bure na kupiga nyimbo zao nchi nzima. Mashirika yalipouzwa, na redio binafsi zilipoanza mwaka 1994, bendi ya watu kumi na tano ilibaki kugawana kiingilio cha mlangoni, ikishindana na kijana mmoja na kompyuta. Hesabu hiyo hata Mbaraka asingeiweza.

Lakini wanamuziki nao wana lao. Katika miaka ya 2000 bendi mpya zilikimbilia sebene la Kinshasa na wanenguaji, na chemko, pale lilipokuwa likiitwa jina la mtindo, likageuka orodha ya majina ya wafanyabiashara waliotoa fedha. Ukisikia dakika nne za majina ya watu wenye magari, ujue marehemu ameshakata roho.

Mwimbaji Muhidin Gurumo, aliyeimba Msondo na Sikinde pia, alifariki Aprili 2014. Mwimbaji mwenzake, Shaaban Dede, alimfuata Julai 2017. Bendi zao hizo mbili bado zinapanda jukwaani.

Rambirambi zinapokelewa mlangoni: lipa kiingilio, usiombe kuingia bure kwa sababu unamjua mpiga besi. Na wewe unayepakia nyimbo za zamani mtandaoni ukaandika "zilipendwa" basi, tafadhali ongeza jina la bendi, la mtunzi, la mwimbaji na la mpiga solo. Wengi wao hawakulipwa kingine.