Kangemi, Kati ya Maji Baridi na Maji Moto

Wengi wetu tuliozaliwa Pwani tunaijua Kangemi kwa jina la kituo tu. Konda huliita jina, abiria wawili watatu hushuka na furushi zao, gari likaendelea na safari ya Naivasha na Nakuru. Safari hii sisi ndio tulioshuka, kwa kuwa tuna jamaa zetu waliohamia huko kwa kazi, na ni haki ya jamaa kutembelewa. Tulikaa siku mbili. Nairobi nzima huwa na haraka, lakini mgeni hana haraka. Huuliza hili, akaambiwa lile, na jibu la swali moja likafungua mlango wa jingine.

Tuanze na barabara. Kangemi imelala kando ya Waiyaki Way, magharibi ya Westlands. Ng'ambo ya barabara ni Loresho, yenye bustani na mageti marefu. Upande huu ni nyumba za mabati na ghorofa za kupanga zilizobanana hata kamba za nguo hukutana. Barabara yenyewe ni ile ile itokayo kwetu Mombasa, ikapita Voi, Mtito Andei na Nairobi, hadi Malaba mpakani mwa Uganda. Waiyaki wa Hinga alikuwa kiongozi wa Wakikuyu wa pande hizi. Mwaka 1890 alikula kiapo cha udugu na Kapteni Lugard wa Kampuni ya Kiingereza, aliyekuja na msafara wa wapagazi wengi wao wakiwa watu wa Pwani na Unguja. Udugu huo haukudumu. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa na watu wa Kampuni, akapelekwa njia ya Mombasa, lakini hakufika. Alifia Kibwezi na huko ndiko alikozikwa. Tuliona ajabu kidogo kwamba mtu aliyekufa akielekezwa baharini amepewa jina la barabara iendayo bara.

Juu ya barabara hiyo hupita matatu, na neno hilo nalo lina kisa chake. Nauli ya zamani ilikuwa senti thelathini, yaani vile visarafu vitatu vya senti kumi vilivyokuwa na tundu katikati, ambavyo bibi zetu waliweza kuvitunga kwa uzi. Wakikuyu wakiita "tatu" kama tuitavyo sisi. Hesabu ya Kiswahili imechanganyika: moja hadi tano na nane ni za Kibantu, ilhali sita, saba na tisa tumezipokea kwa Waarabu. Lau nauli ingekuwa senti sitini, huenda leo tungepanda gari la jina jingine kabisa.

Jina la Nairobi latokana na Kimaasai, Enkare Nairobi, maji baridi. Ukiifuata barabara hii ukaipita Kangemi, ukaipita Kikuyu, kisha ukashuka bonde la Ufa kwa njia ya chini, utafika Mai Mahiu, na hilo ni neno la Kikuyu lenye maana ya maji moto. Sikiliza maai yao na maji yetu: ni dada wawili wa tumbo moja. Kwenye mteremko huo lipo kanisa dogo mno lililojengwa mwaka 1942 na mateka wa vita wa Kiitalia, waliokuwa wakiichonga barabara. Basi Kangemi imekaa njiani baina ya baridi na moto. Ajabu ni kwamba yenyewe, katika nyumba nyingi tulizoingia, haina maji ya mfereji ya kutegemewa.

Hapo ndipo tulipoufahamu mtungi. Kwetu Pwani mtungi ni wa udongo, hukaa pembeni na kata yake, na maji yake yana harufu ya mvua. Nairobi mtungi ni ile jerikeni ya plastiki ya manjano, ya lita 20, ambayo awali ilitiwa mafuta ya kupikia. Mafuta hayo kwa kawaida ni ya mawese yaletwayo kutoka Malaysia na Indonesia kupitia bandari yetu ya Mombasa. Na jerikeni yenyewe ni mtoto wa vita. Wajerumani waliibuni ya chuma, ya lita 20, kabla ya Vita vya Pili vya Dunia; Waingereza waliiteka jangwani, wakaiona ni bora kuliko yao, wakaiiga, wakaiita kwa jina la utani walilowapa askari wa Kijerumani, Jerry. Chombo kilichoundwa kubebea petroli ya vifaru sasa chamwinamisha mgongo mama wa Kangemi alfajiri, naye hukilipia kila kinapojazwa. Mifereji ikikauka bei hupanda, na anayeshindwa kulipa ni yule yule aliyeshindwa jana.

Dada yetu aliyetukaribisha ana mitungi sita nyuma ya mlango. Mmoja wetu aliosha kikombe akataka kuyamwaga maji nje. "La, shangazi," alisema mtoto wa nyumba kwa adabu, "hayo bado yana kazi." Yaliosha sukuma wiki, kisha sakafu. Wakati wa sala ulipofika tulikumbuka tuliyosomeshwa chuoni, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kipimo kisichofika lita moja. Kwa hesabu hiyo mtungi mmoja watosha udhu zaidi ya ishirini. Sisi tuliozoea kuuachia mfereji wazi tulitawadha siku hiyo kwa kikombe, na kikombe kilitosha.

Tukiwa tumekaa jikoni mazungumzo yalituchukua mbali, kama kawaida ya wanawake wanaochambua mboga. Tukamtaja Sayyidna Uthman (r.a.), aliyekinunua kisima cha Ruma Madina akawaachia watu wanywe bure. Tukamtaja Zubaida, mke wa Khalifa Harun Rashid, mwishoni mwa karne ya 2 Hijria, aliyetoa mali yake kwa visima na mabirika katika njia ya mahujaji kutoka Kufa, na mfereji wa kuleta maji Makka; njia hiyo ingali yajulikana kwa jina lake. Bibi mmoja wa Lamu aliyekuwa nasi akatukumbusha birika za kuogea za nyumba za kale, ambamo bakuli la kauri la Kichina hujengewa chini kabisa, ili maji yakipungua samaki wabaki na pa kuponea. Samaki ndio walao viluwiluwi vya mbu. Na kauri za Kichina zilifikaje? Kwa biashara ile ile iliyompeleka twiga wa Malindi mpaka kwa mfalme wa China mwaka 1415, zama za jemadari wa bahari Zheng He, naye mzaliwa wa nyumba ya Kiislamu.

Siku ya pili tulikwenda sokoni. Mahindi ya kuchoma yalikuwa yakinukia tangu barabarani, na tulicheka kwa jina lake. Nafaka hii ni ya Amerika, lakini sisi tunaiita ya Hindi. Waturuki huiita Misri, Wamisri huiita ya Sham, na Waitalia huiita nafaka ya Kituruki. Kila kaumu humsingizia jirani. Hapa sokoni watu wa magharibi, Waluhya hasa, ni wengi, na baadhi ya Waislamu tuliosalimiana nao asili yao ni Mumias, ambako dini ilifika kwa wafanyabiashara wa Kiswahili katika enzi za Nabongo Mumia. Walitusalimu kwa Kiswahili kilichotufanya tujione tuko nyumbani.

Nyuma ya soko ardhi yateremka hadi bondeni, na ng'ambo yake ni Kawangware. Chini hupita mto. Ni Mto Nairobi wenyewe, yale maji baridi ya Wamaasai. Chimbuko lake ni kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu, si mbali na hapo tuliposimama. Na mapema karne iliyopita mji wa Nairobi ulikunywa maji ya chemchemi za huko huko Kikuyu. Kutoka Ondiri mto hufika Kangemi ungali mchanga, na hapa ndipo unapoanza kupokea maji ya masinki, vyoo na taka za plastiki. Papa Fransisko alipozuru mtaa huu tarehe 27 Novemba 2015, suala la maji lilikuwa miongoni mwa aliyoyakemea. Miaka imepita, bonde tumeliona kwa macho yetu.

Lakini mto hauishii mjini. Huingia Mto Athi, nao Athi hushuka Ukambani, ukapita Tsavo na kuyapokea maji ya Mto Tsavo yenye asili ya chemchemi za Mzima. Ukaitwa Galana, na ukikaribia bahari ukaitwa Sabaki. Kandoni mwa Sabaki, pale Baricho, vipo visima vinavyovuta maji yaliyochujwa na mchanga wa mto, na maji hayo ndiyo yaendayo Malindi, Kilifi hadi upande wa kaskazini wa Mombasa. Kwa hiyo dada yetu wa Kangemi anayenunua maji kwa mtungi, na sisi tunaojaza ndoo Mtwapa au Kisauni, tumo katika mto mmoja, yeye juu na sisi chini. Wakati wa mvua kubwa, baina ya Malindi na Mambrui, bahari hugeuka nyekundu kwa udongo wa bara, na wavuvi huzingoja siku zipite ndipo watie nyavu.