Kuhusu Intakula ya Prado Lako

Likoni

Mpwa wangu,

Picha za intakula uliyoiona kule gereji ya Changamwe zimenifika. Ni kubwa kweli, na inang'aa. Mama yako kaniambia umeshaanza kuulizia bei, ndiyo maana nakuandikia upesi, sikungoja uvuke feri.

Kazi yake tuiweke kwa hesabu. Tabo ikishindilia hewa ya nyuzi 30 kwa pauni 10 hivi, hewa hiyo hutoka imefika nyuzi 100. Ukiipoza hadi 50, uzito wake unaongezeka kwa karibu asilimia 15. Oksijeni inakuwa nyingi zaidi, dizeli ile ile inaungua vizuri na joto la eksosi linashuka. Kwa hivyo sisemi ni upuuzi. Mwenye kupanda Wundanyi kutoka Mwatate na mzigo, faida ataiona.

Lakini wewe Wundanyi waenda mara ngapi? Siku zako nyingi zinaishia kwenye foleni ya feri, au nyuma ya malori ya makontena, gari limesimama na feni ndiyo inayovuta upepo wote. Intakula ya mbele kama hiyo hukaa mbele ya kondensa ya AC na rejeta, kwa hivyo upepo unaifikia rejeta ukiwa umeshapata moto. Na hiyo injini yako ya 1KZ, kichwa chake ni cha alumini. Ikichemsha vibaya hata mara moja, kichwa chaweza kupasuka, na bei ya kichwa wewe mwenyewe waijua.

Anza na rejeta, basi. Ivuliwe, isafishwe ndani, na klachi ya feni ikaguliwe. Kisha fungua mipira ya intakula uliyonayo, ile iliyo chini ya tundu la boneti. Unyevu kidogo wa oili ni kawaida. Ukikuta oili imetuama, huenda tabo imechoka, na hilo intakula mpya hailiponyi. Tazama pia nyufa. Moshi mweusi na gari kukosa nguvu mlimani mara nyingi ni mpira uliopasuka au klempu iliyolegea, vitu vya bei ya chai. Mapezi ya intakula nayo huliwa na chumvi ya bahari. Yaoshe kwa maji matamu, ila usiyapige kwa mashine ya presha, yatalala.

Yote yakiwa sawa na bado moyo unaitaka, chukua ya kadiri. Ile ya pichani na mabomba yake marefu, tabo itachelewa kuijaza, na mjini utaudhika kila ukikanyaga mafuta. Fundi akisema muongeze dizeli kwenye pampu, mwambie afunge kwanza mita ya joto la eksosi. Akicheka, ondoa gari lako hapo. Watu wa bima nao waarifu kabla ya kufunga, si baada ya ajali.

Rejeta ikishakaguliwa, nipimie nafasi iliyo nyuma ya grili, upana, kimo na kina, kwa milimita, unitumie.

Mjomba wako