Sabuni, Mafuta, Kinga ya Jua: Uso Mmoja kati ya Bruxelles na Lubumbashi

Ingia duka lolote la dawa la Bruxelles lenye msalaba wa kijani mlangoni, ulizia mafuta ya uso, halafu tazama unachoonyeshwa. Kuna ya asubuhi na ya usiku, ya kuzunguka macho, ya shingo, ya ngozi kavu, ya ngozi yenye mafuta. Rafu ya chini ina vichupa vya matone: vitamini C, niasinamidi, retinoli, asidi ya hialuroniki. Msichana aliyefika juzi kutoka Katuba au Kampemba, komini za Lubumbashi, ambaye kwao kopo moja la mafuta lilitosha nyumba nzima, anasimama pale akiamini kwamba miaka yote amekuwa akiunyima uso wake haki yake.

Wengi wetu wa Lubumbashi tulio huku tunadhani wingi huu ni ugonjwa wa Ulaya peke yake. Nenda soko la Kenya (nasema komini yetu ya Lubumbashi, si nchi), au pita kwenye vibanda vinavyolizunguka soko la Mzee Kabila katikati ya mji. Losheni zimepangwa hadi juu ya kichwa cha muuzaji, za karoti, za papai, za limau, na nyingi zina picha ya mwanamke mweupe kuliko yeyote anayepita sokoni. Nyingine zimeingia na malori kupitia Kasumbalesa, nyingine zimekuja ndani ya masanduku ya wasafiri. Muuzaji hakuulizi ngozi yako ikoje. Anakuuliza unataka gamme gani, sabuni na losheni na serumu na tyubu zinazokwenda pamoja, na ukisitasita anakuchagulia mwenyewe.

Tofauti ninayoiona mimi iko kwingine. Bruxelles, ukiwa na subira, unaweza kujua kilichomo ndani ya chupa, ila hakuna anayekwambia kwamba nyingi huzihitaji. Lubumbashi watu wanajua vizuri wanachohitaji, kuoga na kupaka mafuta, lakini kilichomo ndani ya chupa hakijulikani. Na hapo ndipo watu wanapoumia.

Kinachonitia hofu zaidi ni mchanganyiko wa kung'arisha ngozi, ule mkorogo. Muuzaji anafungua chupa kubwa ya losheni, anamimina kidogo pembeni ili apate nafasi, kisha anakamua tyubu za krimu ndani yake, moja baada ya nyingine, anaongeza matone ya serumu, anafunga na kutikisa mpaka rangi ilingane. Mteja anaondoka na chupa ambayo maandishi yake hayana kazi tena, maana yanaeleza ile losheni ya mwanzo tu. Zile tyubu mara nyingi ni klobetasoli au betametasoni, dawa kali za jamii ya kortikosteroidi ambazo daktari humwandikia mgonjwa wa ngozi kwa muda mfupi, sehemu ndogo ya mwili. Ukizipaka mwili mzima kwa miezi na miaka, ngozi inakuwa nyembamba, michirizi inatokea mapajani na mikononi, chunusi zinajaa usoni, kidonda kinachelewa kupona. Dawa ikipenya hadi kwenye damu inaweza kupandisha presha na sukari.

Hidrokwinoni nayo ina ukatili wa pekee: ikitumiwa muda mrefu inaweza kuleta kinyume cha ilichoahidi, mabaka ya weusi wa kibuluu mashavuni ambayo kuyaondoa ni kazi ngumu mno. Daktari Findlay na wenzake waliyaeleza Afrika Kusini mwaka 1975, na mwaka 1990 nchi hiyo ikaipiga marufuku hidrokwinoni kwenye vipodozi. Umoja wa Ulaya ulizikataza krimu za kung'arisha zenye hidrokwinoni mwanzoni mwa miaka ya 2000. Zebaki, inayoharibu figo, imo katika Mkataba wa Minamata wa 2013 ulioanza kutumika 2017. Lakini sheria haikuufunga mlango wote. Orodha ya tahadhari ya Umoja wa Ulaya iitwayo Safety Gate inaendelea kutaja krimu za kung'arisha zilizokamatwa zikiwa na vitu hivyohivyo vitatu, kwa hiyo aliye Ulaya asijidanganye kwamba kila chupa iliyouzwa huku ni salama.

Mdogo wangu wa Katuba huniuliza kwenye simu: "Yaya, huko Bulaya unapaka nini?" Namjibu: sabuni laini, mafuta, kinga ya jua. Anangoja niendelee. "Ni hiyo tu?" Ni hiyo tu. Na ningependa nieleze kwa nini vitu hivyo vitatu, maana mtu akishajua kila kimoja kinafanya nini, rafu nzima ya duka inapungua yenyewe.

Tuanze na kuosha, ambako Lubumbashi ina sababu zaidi kuliko Bruxelles. Mji wetu una vumbi jekundu la barabara zisizo na lami, moshi wa makaa jikoni, na malori ya madini yanayopita usiku na mchana. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya eneo letu la Katanga wana kobalti nyingi mno kwenye mkojo, huku watoto wakiwa wameathirika zaidi. Vumbi linaingia kwa pua, kwa chakula, kwa mikono inayoshika uso kisha mdomo. Kunawa jioni, uso na mikono, ni jambo la afya kabla halijawa la urembo. Hata siku ambayo bomba limekauka na maji ni yale ya kidumu, jagi moja linatosha: lowesha, paka povu kwa vidole, suuza. Asubuhi maji matupu yanafaa watu wengi. Kinachokosewa ni kuchagua sabuni kali ya kuua vijidudu, ile inayouacha uso umekaza kama ngoma, na kuamini kwamba kukaza ndiyo usafi. Ngozi iliyovuliwa mafuta yake yote inawasha na kupasuka. Vijana wanaonyolewa saluni na kumwagiwa spiriti kidevuni wanajua ninachosema. Vile vipele vya ndevu havihitaji kuunguzwa, vinahitaji wembe safi na kunyoa kwa kufuata nywele zinakoelekea.

Kwenye kulainisha, mama zetu walikuwa sahihi kabla ya duka lolote. Ulitoka kuoga, ukakamatwa mkono ungali unatiririka maji, ukapakwa mafuta hapohapo. Madaktari wa ngozi wa huku wanaagiza jambo hilohilo: paka ngozi ingali na unyevu, dakika chache baada ya kuoga, ili mafuta yafungie maji ndani. Inasaidia Bruxelles mwezi wa kwanza, wakati kipasha joto kimekausha hewa ya chumba, na inasaidia Lubumbashi mwezi wa sita na wa saba, wakati asubuhi ni baridi na miguu inapauka hadi magotini. Kwa mwili, vaselini ya kawaida au siagi ya karite inafanya kazi iliyo kamili, harufu wala bei kubwa haviongezi kitu.

Usoni mambo yanabadilika kidogo. Mtu mwenye chunusi akijipaka siagi ya kakao au mafuta mazito ya nazi anaziba vinyweleo. Hata mafuta ya nywele yanayoteremka kwenye paji la uso yanaweza kuleta vipele kwenye mstari wa nywele. Mwaka 1970 madaktari wa Philadelphia, Marekani, waliandika juu ya chunusi za namna hiyo kwa wanaume weusi waliokuwa wakipaka mafuta ya nywele kila siku. Nimewaona wasichana wa kwetu wakibadilisha krimu ya uso mara kwa mara huku wanaendelea kupaka mafuta mengi ya nywele chini ya misuko mipya. Anayejiona ana vipele pajini peke yake aanze kwa kupunguza mafuta ya nywele na kufunga kitambaa safi usiku.

Sasa jua, na hapa naomba uvumilivu, kwa sababu ndipo lilipo jambo kubwa. Nyumbani tumezoea kusema kinga ya jua ni ya Wazungu. Ni kweli kwamba weusi wetu unatukinga, na mtu mweusi haungui haraka kama mweupe. Lakini fuata safari ya chunusi moja kwenye uso wa msichana wa komini ya Ruashi. Inatokea, inatumbuliwa kwa kucha, inapona, inaacha doa jeusi. Kwa ngozi yetu doa hilo linaweza kukaa miezi. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, karibu na ikweta kuliko mji wowote wa Ulaya, na kila akitoka nje jua linalitia doa rangi upya. Madoa yanaongezeka. Anaambiwa uso wake ni mchafu, anahitaji kitu cha kuusafisha, na hapo anapelekwa kwenye kile kibanda chenye tyubu. Wengi walioingia kwenye mkorogo hawakuanza kwa kutaka weupe. Walitaka madoa yaondoke.

Kwa hiyo kinga ya jua ya asubuhi, namba 30 (SPF) au zaidi, ndiyo inayokata mnyororo huo, pamoja na kuziacha chunusi bila kuzitumbua. Ipakwe ya kutosha, mistari miwili mirefu juu ya vidole viwili kwa uso na shingo. Mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho nao hutia weusi kwenye ngozi kama yetu, ndiyo maana ile yenye rangi ya udongo, iliyotiwa oksidi ya chuma, inafaa zaidi kwa mwenye madoa, na pia haiachi ule weupe wa chokaa unaotufanya tuichukie. Ikikosekana, kofia pana na mwavuli vina kazi kubwa. Mwavuli wa mama anayekwenda sokoni saa sita mchana ni kinga ya kweli.

Baada ya hapo, mtu akitaka kuongeza kitu cha nne, aongeze kimoja. Niasinamidi au asidi ya azelaiki kwa madoa, asidi ya salisiliki kwa chunusi. Ajaribu kwanza ndani ya kiwiko kwa siku kadhaa, kisha akitumie wiki sita kabla ya kukihukumu, kwa sababu ngozi huchukua mwezi mmoja hivi kujifanya upya, na mtu anayebadili kila wiki hatajua kamwe kipi kilimsaidia na kipi kilimwasha. Mwenye mimba asiguse retinoli.

Na kabla ya kununua chochote, asome nyuma ya chupa. Akiona hydroquinone, clobetasol, betamethasone, mercury au calomel, airudishe. Akiona onyo la kutogusisha krimu na dhahabu, fedha au alumini, aiogope, maana onyo hilo ni dalili ya zebaki. Chupa isiyo na orodha ya viungo ni ya kuachwa, hata kama muuzaji ni jirani. Kwa mwanamke aliyekwisha kutumia mchanganyiko kwa muda mrefu, ushauri wangu ni mmoja tu: usikatize ghafla peke yako, kwa sababu ngozi iliyozoea steroidi inaweza kuwaka moto ikinyimwa. Nenda Kliniki za Chuo Kikuu au hospitali ya Sendwe, Lubumbashi, mwonyeshe daktari tyubu zenyewe, umwambie ukweli bila aibu. Sitaki kusikia mtu akimcheka mwanamke huyo. Aliuziwa dawa kali sokoni kama inavyouzwa sabuni.

Sisi wa huku tuna sehemu yetu. Likizo ikikaribia, ujumbe unamiminika: niletee serumu, niletee krimu kama ya fulani. Tunajaza sanduku vichupa ambavyo aliyepelekewa hatapata vingine vikiisha, na vingi kazi yao haijulikani nyumbani. Mimi sanduku langu linabeba kinga ya jua, basi, na naangalia tarehe kwanza, kwa kuwa ikishapitwa na muda au ikipikwa na joto haikingi tena. Sabuni na mafuta viko Lubumbashi, tena kwa bei ya watu.

Ila sanduku haliwezi kuulisha mji. Kinga ya jua inayopatikana kwetu inatoka mbali na bei yake inamshinda mwalimu, sembuse mwanafunzi. Mjini Moshi, Tanzania, walikataa kungoja. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC kinatengeneza kinga ya jua iitwayo Kilisun hapohapo, kwa ajili ya watu wenye ualbino, na kuwagawia. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha famasia, mji una wafanyabiashara wenye mtaji, na sisi tulio Ubelgiji, Ufaransa na Kanada tunachangia harusi na matanga kila mwezi. Tunaweza kuchangia mashine ya kuchanganyia krimu, tukaanza na watoto wenye ualbino wa Kenya, Katuba na Ruashi, ambao kwao suala si madoa bali ni saratani ya ngozi.