Jasusi na Kinyago Chake: Maoni ya Mtazamaji wa Filamu

Mwigizaji anayepewa dhima ya jasusi huwa na kazi maradufu, kwani humwigiza mtu ambaye naye anaigiza. Akificha kila kitu, hadhira haitaona chochote. Akifichua mno, jasusi hatasadikika. Katika Dr. No (1962) tatizo hili halijitokezi. Sean Connery analitaja jina lake waziwazi kwenye meza ya kamari, na mtazamaji anaufurahia ukakamavu wake bila kujiuliza anaficha nini. Huyo ni shujaa. Ujasusi ni vazi lake tu.

Mambo ni tofauti katika filamu zitokanazo na riwaya za John le Carré. Katika The Spy Who Came in from the Cold (1965), iliyoongozwa na Martin Ritt, Richard Burton anamwigiza Alec Leamas, jasusi wa Uingereza anayejifanya mlevi aliyetupwa na wakubwa wake ili maadui wamnunue. Burton alisifika kwa sauti nzito ya jukwaani, lakini hapa ameibana. Uchovu wa Leamas ni wa kujifanya na papo hapo ni wa kweli. Mtazamaji hawezi kuutenga mmoja na mwingine. Mwishoni, juu ya Ukuta wa Berlin, anaitwa arukie magharibi. Yeye anateremka mashariki, alikolala Nan, mpenzi wake aliyekwisha kuuawa, naye anapigwa risasi. Kitendo hicho hakuna aliyemwamuru. Ndipo kinyago kinapoanguka.

Kikulacho ki nguoni mwako, na Tinker Tailor Soldier Spy ni hadithi ya methali hiyo: George Smiley anamsaka msaliti aliyemo ndani ya idara yake. Katika tamthilia ya BBC ya mwaka 1979, Alec Guinness anamsawiri kwa upole wa mwalimu mzee. Anamhoji gerezani Karla, jasusi mkuu wa Urusi, ambaye Patrick Stewart anamwigiza bila kutamka neno. Katika filamu ya Tomas Alfredson (2011), uso wa Karla hauonekani. Gary Oldman anakisimulia kisa hicho akikielekea kiti kitupu, kana kwamba adui amekikalia. Anakumbuka alivyomsihi mfungwa amfikirie mkewe, na alivyompa kiberiti alichozawadiwa na Ann, mke wake mwenyewe. Karla aliondoka nacho. Baadaye aliitumia ndoa hiyo kumpofusha Smiley.

Guinness anamfanya mtazamaji amheshimu Smiley. Oldman, katika onyesho hilo, anamfanya amhurumie, na hapo ndipo anapomzidi mtangulizi wake. Leamas na Smiley wanafichua utu wao mara moja tu. Mmoja analipa kwa uhai wake, mwingine kwa ndoa yake. Ustadi wa waigizaji hawa haumo katika kukivaa kinyago, bali katika kutuonyesha gharama ya kukivua.