Marobota

Baba mdogo anabeba marobota, mimi nasomea roboti. Utani huo ni wake, na kila nikirudi likizo huurudia mbele ya wageni kana kwamba ameubuni asubuhi ileile. Marobota yake ni ya vitenge. Yanashuka kwenye malori alfajiri, yanapanda kwenye mkokoteni, yanapita katikati ya Kariakoo hadi kwenye maduka ya Mtaa wa Uhuru. Roboti zangu ziko Harbin, kaskazini mwa China, ambako Januari mto unaganda hadi watu wanatembea juu yake. Niko mwaka wa nne wa uhandisi wa roboti na mitambo inayojiendesha, baada ya mwaka mmoja wa kujifunza Kichina Tianjin.

Ufadhili wa serikali ya China unalipa ada, bweni na yuan 2,500 kwa mwezi kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Haulipi yanayotangulia: pasipoti ya shilingi 150,000, vipimo vya afya, tafsiri za vyeti, mihuri. Hayo yalilipwa na bega la baba mdogo.

Katika kipindi cha kwanza mwalimu alitueleza asili ya neno lenyewe. Wachina wanasema jiqiren, yaani mtu-mashine, lakini dunia nyingine ililipata kwenye tamthilia ya Karel Čapek ya mwaka 1920. Čapek na kaka yake walilitoa kwenye neno la Kicheki robota: kazi ya shokoa, ile ya kumfanyia bwana bila malipo. Nilicheka peke yangu darasani. Kicheki na Kiswahili havina undugu, ni bahati tu ya sauti, lakini mimi nilikuwa namwona mtu mmoja ana robota begani, anavuka Msimbazi.

Jioni ile nikakumbuka jina la mtaa wetu. Waingereza waliiteka Dar es Salaam Septemba 1916, na pale lilipo soko waliweka kambi ya wapagazi wao wa vita, Carrier Corps, ambayo midomo yetu imeigeuza Kariakoo. Wengi wa wapagazi hao walichukuliwa vijijini kwa nguvu, na maradhi yaliwaua wengi kuliko risasi. Kati ya jina Kariakoo na neno roboti ipo miaka michache tu, na yote mawili yanamtaja mtu aliyebebeshwa bila kuulizwa.

Mwaka wa tatu tulipelekwa kutembelea ghala. Mwaka 2012 Amazon ililipa dola milioni 775 kuinunua kampuni ya Kiva, iliyotengeneza vigari vifupi vinavyoingia chini ya rafu na kuinyanyua nzima. Sasa vigari vya namna hiyo vimejaa China, nchi ambayo mwaka 2023 ilifunga zaidi ya nusu ya roboti zote mpya za viwandani duniani. Sakafuni kuna vibandiko vya alama, kila kigari kinavisoma kwa kamera iliyo tumboni mwake. Mtu haruhusiwi kukanyaga humo. Akiingia, eneo linasimama. Nilipiga video, nikaituma nyumbani. Baba mdogo aliitazama mara mbili, kisha akanipigia: "Hao waliokuwa wanabeba humo kabla, wako wapi?"

Ghala hilohilo sasa limenipa nafasi ya kazi. Linataka jibu kabla ya Juni kwisha.

Mradi wangu wa mwisho ni mkokoteni unaojiendesha sokoni. Msimamizi wangu aliupenda kwa sababu ni mgumu. Mwaka 2010 watafiti wawili, Pete Trautman na Andreas Krause, walieleza tatizo la roboti kuganda. Ukiipeleka roboti kwenye msongamano, ikakadiria kwamba kila mtu anaweza kuelekea popote, itaona kila njia ni hatari, basi itasimama. Kuwatabiri watu kwa usahihi zaidi, walisema, hakutoshi. Lazima roboti itegemee kwamba watu nao watapisha.

Niliposoma makala ile niliona wanamweleza baba mdogo. Yeye hasubiri Mtaa wa Kongo upungue watu, maana haupungui. Anaita "Mzigo huo! Mzigo!", anasogeza gurudumu nusu hatua. Mwenye meza ya viatu anavuta mguu, dada mwenye mtoto mgongoni anageuka upande, njia inafunguka na kufunga nyuma yake. Nusu hatua ile ni swali, na mguu uliovutwa ni jibu. Kuiandika kwa milinganyo kulinichukua miezi mitano.

Kwa hiyo likizo iliyopita nilimwomba anipe siku kumi. Nilimfunga simu moja kiunoni, nyingine nikaifunga chini ya mkokoteni, zote zikirekodi mahali na mtikisiko. Data ya mahali ilikuwa vurugu tupu. Ghorofa za Kariakoo zinaziba na kurudisha mawimbi ya setilaiti, kwenye ramani anaonekana akiruka kutoka paa hadi paa. Lakini kila siku, mnamo saa tano asubuhi, doa linatulia kabisa. Linatulia Mnazi Mmoja.

Ule uwanja uko wazi kwa sababu wakoloni waliuacha wazi makusudi, uwe mpaka kati ya Waafrika wa Kariakoo na mji wa Wahindi na Wazungu. Hakuna ghorofa juu yake, setilaiti zinaonekana zote. Doa lilikuwa chini ya miti, upande wa Lumumba. Simu ya mkokoteni ilichora mstari mnyoofu. Ya kiunoni ilichora mawimbi madogo ya pumzi. Dakika 35, dakika 41, siku ya saba dakika 52, wakati ambapo wenzake wanakimbiza mzigo wa pili.

Nilimfuata siku ya nane. Nikamkuta ameketi, suruali kaipandisha, goti la kulia limevimba kama embe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akaishusha suruali. "Hiyo simu yako ina umbeya."

Akaniambia mama asijue, akijua ataanza kuhesabu kodi ya nyumba. Nikamuuliza goti linauma wapi hasa: akiwa anatembea? Hapana. Akisimamisha? Kidogo. Linauma anapoondoa, ule msukumo wa kwanza mzigo ukiwa umelala, na anapopanda ukingo wa lami. Nilirudi kwenye data na ikamuunga mkono: mitikisiko mikubwa yote iko kwenye sekunde mbili za kwanza.

Msimamizi wangu alipoona ile mistari minyoofu alitaka niikate, akidhani kifaa kilizima. Nikamweleza kuwa kifaa ni kizima. Akauliza umri wa mtu huyo. Miaka 53, nikasema. Alikaa kimya kidogo, kisha akachukua kalamu akafuta nusu ya kile nilichokuwa nimechora ubaoni: kamera, kompyuta, uwezo wa kujiongoza. Kilichobaki ni mota ya baiskeli ya umeme kwenye gurudumu, betri, na kihisi kimoja kwenye mpini. Mtu anasukuma, mota inamsaidia kuondoa, kisha inanyamaza. Kuita, kukwepa na kupata njia kunabaki kwa mwenye kujua.

Kwangu huo ni uhandisi bora kuliko ule wa mwanzo, ingawa darasani kwetu wengine wanauona kama nimeshuka daraja.

Nilimpigia baba mdogo kumweleza, nikiwa na bei za mota za Kariakoo tayari kwenye daftari. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akanikumbusha kwamba mkokoteni si wake. Anaukodi, na kila jioni anapeleka hesabu kwa mwenyewe.

"Ukiweka mota, atasema sasa nabeba mara mbili. Atapandisha hesabu. Goti litapona, hela itakuwa ileile."

Nikamuuliza mkokoteni mpya unauzwaje. Akanitajia. Nikajumlisha na mota na betri, nikagawanya kwa yuan, kwanza za ufadhili, halafu za mshahara wa ghalani. Mistari ikawa inakatika, nikadhani ameshakata simu.

"Au iwekwe chini ya mbao," akasema. "Isionekane."