Vigae kwenye vyumba vya chini? Mimi napinga

Niseme mapema ili mwenye kukasirika akasirike akiwa bado na bando. Kwa nyumba zetu za Githongo, vyumba vya chini havitaki vigae. Havitaki kapeti ya plastiki, havitaki zile plastiki za kubandika zilizochorwa zikafanana na mbao. Vinataka konkriti tupu iliyomwagwa vizuri, ikapigwa niru ikalainika, na pesa yote ya urembo izikwe chini yake. Ndiyo, izikwe.

Najua mtasema huyu alitoka chuo mwaka wa pili, anatufunza nini kuhusu mjengo. Hata sikuwa nasomea ujenzi. Lakini vyumba vinne vya kupangisha vya mamangu vilipojengwa, mimi ndiye nilikuwa kwenye saiti kila siku (mtu akiacha chuo anapatikana), na nimebishana na fundi, na muuza duka, na mama mwenyewe, mpaka nikajua kwa nini nabishana.

Kwa wasiojua kwetu: Githongo iko Imenti ya Kati, Meru, kwenye mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya. Chai iko juu, kahawa chini, msitu uko mgongoni. Mvua tunapata mara mbili, Machi hadi Mei, halafu ile kubwa zaidi ya Oktoba hadi Desemba. Katikati, kuanzia Juni, unaweza kukaa siku nyingi bila kuona jua vizuri, ni manyunyu na ukungu tu. Na Kiswahili kilitufanyia mzaha hapo, kwa sababu ukungu wa asubuhi na ukungu wa ukutani ni neno moja. Sisi tunao wote wawili.

Wazee walielewa hii hali. Angalia nyumba za mbao zilizobaki huku kwetu, nyingi zimeinuliwa juu ya nguzo au mawe, na hewa inapita chini ya sakafu. Kuku walilala huko chini na hakuna aliyejali. Siku hizi tunajenga kwa mawe, na kwa kuwa shamba ni mteremko, tunachimba mlima na kuingiza nyumba ndani. Ukisimama barabarani unaona nyumba ya kawaida. Ukishuka kwa migomba unaona kumbe kuna vyumba vingine chini, na ukuta wao wa nyuma umeegemea udongo mtupu. Hivyo vya chini ndivyo vya wapangaji, na ndivyo naongelea hapa.

Konkriti si jiwe, ina vitundu vidogo ambavyo huvioni. Chukua andazi, gusisha ncha yake tu kwenye chai, halafu tazama chai ikipanda yenyewe. Sakafu iliyokaa juu ya udongo wetu mwekundu wakati wa Novemba inafanya vivyo hivyo, usiku na mchana, bila kelele. Maji yakifika juu, kama sakafu ni tupu, yanaondoka na hewa. Kama umeifunika, yanakaa hapo hapo. Kigae chenyewe hakiozi, lakini mistari yake inaanza kutoa unga mweupe, ambao ni chumvi iliyobebwa na maji kutoka chini, gundi inachoka, na siku moja unakanyaga unasikia kitu kitupu kinalia. Kapeti ya plastiki ni mbaya zaidi, maana chini yake kunageuka shamba la kuvu na mpangaji hajui mpaka ahame.

Sasa kuna jambo ambalo sijasikia mtu akilisema, na kwangu ndilo kubwa. Ni kalenda ya bonasi. Huku tunajenga na pesa ya majani chai. Bonasi inaingia karibu na Oktoba, na wiki hiyo hiyo kila mtu anaita lori la mchanga kutoka upande wa Tharaka. Yaani tunamwaga slabu wakati ardhi imelewa maji kuliko mwezi wowote mwingine. Halafu Januari shule zinafunguliwa, walimu wanatafuta nyumba, na mwenye nyumba anataka wapangaji wawe ndani. Kwa hivyo vigae vinawekwa Desemba, haraka haraka. Wajenzi wana hesabu yao ya zamani kwamba konkriti hukauka inchi moja kwa mwezi, na hiyo ni kama hewa ni nzuri. Slabu ya inchi 4 ni miezi minne. Ukimwaga Novemba, unafika Machi, na Machi mvua nyingine imeanza! Wewe umeifungia maji ndani ikiwa na wiki tano, kisha unalaumu fundi wa vigae.

Sakafu tupu haina hiyo shida. Ukiinyweshea maji siku saba za kwanza, ikomae siku 28 na kupata nguvu zake, mpangaji anaweza kuingia, nayo iendelee kukauka taratibu huku anaishi juu yake. Muhimu tu asitandike godoro chini.

Hilo la godoro nalijua. Nikiwa chuo nilipanga chumba cha chini, cha vigae vyeupe vinavyong'aa, picha zake zilinifanya nilipe kabla ya kufika. Muhula ukiisha nikainua godoro na upande wa chini ulikuwa na madoa meusi kama ngozi ya chui. Jirani yangu alikuwa na mtoto mdogo aliyekohoa mwaka mzima. Sitasema chumba ndicho kilimfanya akohoe, mimi si daktari. Ila Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mzima mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu ndani ya nyumba, na unasema wazi kwamba wanaoishi humo wana hatari zaidi ya matatizo ya kupumua na pumu. Tunapopangisha vyumba vya chini, tunapangisha pia hewa iliyo ndani.

Na hii tabia ya kufunika si ya mlimani pekee. Mji Mkongwe wa Zanzibar ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, vitu vinavyonyonya unyevu na kuutoa tena. Baadaye watu wakaja kukarabati kwa simiti ngumu juu ya chokaa ile, na unyevu ukakosa pa kutokea, ukaanza kula ukuta kutoka ndani. Mji wenyewe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na bado wahifadhi wanahangaika na simiti iliyopakwa pasipofaa. Hali ya hewa ni tofauti na kwetu lakini kosa ni lile lile.

Turudi kwa vyumba vya mama. Bonasi ilikuwa na kikomo, na kwenye ile karatasi ya hesabu kulikuwa na mstari mmoja wa vigae na hakuna mstari wa ile nailoni nzito inayotandikwa chini ya slabu, ambayo mafundi wanaiita DPM. Fundi alisema tutatumia unga wa kuzuia maji kwenye simiti, utatosha. Muuza duka akasema hivyo hivyo. Unga huo unasaidia kupunguza maji yanayopita, sikatai, lakini konkriti ikipata ufa mdogo unga hauna la kufanya. Nailoni ni ukuta kamili. Nikaomba tufute mstari wa vigae, tuweke nailoni na mtaro.

Mama akaniangalia. "Wewe, mpangaji haoni nailoni. Anaona sakafu."

Hapo alinipata, na bado naona ni hoja nzuri kuliko zote zilizotolewa kwenye saiti ile. Vyumba vyenye vigae vinapangishwa ghali kidogo, na yeye ndiye alichuma hayo majani, si mimi. Nikamwambia tu, "Mama, huyo wa vigae umeona amebadilisha wapangaji mara ngapi?" Hakunijibu siku hiyo. Kesho yake akatuma pesa ya nailoni. Ya vyumba vyote vinne haikufika hata bei ya vigae vya chumba kimoja, na nadhani hiyo ndiyo ilimshawishi, si mdomo wangu.

Tulifanya hivi. Kwanza mtaro nyuma ya ukuta ulioegemea mlima, wenye kina kupita sakafu, bomba lenye matundu ndani na kokoto juu, ukitoka upande wa migomba. Ukuta wenyewe ukapakwa lami upande wa udongo. Watu wanaruka hatua hii kwa sababu haipigiki picha, lakini maji ya mteremko hayaji kutoka chini pekee, yanasukuma kutoka kando. Kisha mawe ya hadikoo, yaliyoshindiliwa, maana nafasi kubwa kati ya mawe inakata ule mpando wa chai kwenye andazi. Juu yake vumbi la mawe ili nailoni isitoboke, dawa ya mchwa, halafu nailoni ya geji 1000, ikilaliana kama futi moja kwenye maungio na kupandishwa ukutani ikutane na ile karatasi ya lami iliyo kwenye mawe ya msingi. Siku hiyo nilikuwa mtu wa kuchukiwa. Kila wilbaro ikipita nilikagua tundu, na tulipata matatu, tukayaziba kwa vipande.

Wakati wa kuchanganya ndipo mimi na fundi tuligombana kweli. Mfuko wa kilo 50 unataka maji kama lita 25, mtungi mmoja wa 20 na kidogo juu. Na mchanga wa Novemba tayari umelowa, kwa hivyo hata pungufu.

"Fundi, maji yametosha."

"Kijana, hii ni ngumu, haitembei."

"Isitembee basi. Tutaisukuma."

Alicheka, lakini akawaambia vijana wasukume. Maji ya ziada yanafanya kazi iwe rahisi mchana mmoja, halafu yakitoka yanaacha vile vitundu ambavyo tumelipa pesa kuvizuia.

Kama wewe tayari una sakafu na hujui hali yake, usinunue kitu chochote kwanza. Kata nailoni safi ya kuona ndani, futi moja na nusu kila upande, ibandike sakafuni kwa utepe pande zote isiingize hewa. Iache usiku kucha, saa 16 au zaidi. Matone yakiwa upande wa chini, maji yanatoka ardhini. Yakiwa upande wa juu ni hewa ya chumba chako, fungua dirisha na uache kuanika nguo ndani. Kama ni ya ardhini, anza nje: gata za paa, mtaro, udongo uliorundikana ukutani. Ikishindikana unaweza kutandika nailoni juu ya sakafu ya zamani na kumwaga nyingine ya inchi 2 au 3, ila upime mlango kwanza, utalazimika kuukata. Na tafadhali usipake rangi ya mafuta, itabanduka kama ngozi ya nyoka.

Kuna muuzaji wa hizo plastiki za kubandika aliniandikia akitaka nimfanyie tangazo. Pesa ilikuwa nzuri, siongopi. Nikamwambia nitafanya kama ataniruhusu nirudi kuirekodi baada ya mvua ya Oktoba, kwenye chumba cha chini, nikiibandua mbele ya kamera. Hajajibu mpaka leo.

Vyumba vitatu vina watu sasa. Cha nne nimekibandika nailoni jana jioni, kile cha kona kinachokaa kivulini, kwa sababu ndicho ninachokiogopa. Mama naye amesema bonasi ikiingia ataweka vigae kwenye sebule yake ya juu, vya rangi ya maziwa, na hataki maoni yangu. Huko juu sina neno.