Usiache Mbachao: Fikra Kuhusu Nyumba ya Chundwa

Familia yetu imeazimia kujenga nyumba mpya Chundwa, katika kisiwa cha Pate, nami nimetwikwa jukumu la kupendekeza vifaa vya ujenzi. Jukumu hili limenilazimu kujiuliza swali ambalo aghalabu hujibiwa kwa pupa: ni vifaa gani hasa vinavyodumu bila ya kuyadhuru mazingira watakayoyarithi wajukuu wetu?

Wahenga walinena, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wetu ni mawe ya matumbawe yachimbwayo nchi kavu, udongo, chokaa, boriti za mikoko na makuti. Kwa vifaa hivi ulijengwa Mji wa Kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Kuta zake nene huzuia joto, na upana wa vyumba ulifuata urefu wa boriti. Chokaa nayo huchomwa kwa moto mdogo kuliko saruji, ambayo huhitaji joto la nyuzi 1,450 hivi. Tena ikikauka ukutani huivuta sehemu ya hewa ya ukaa iliyoitoa tanurini.

Hata hivyo, si kila cha kale kisicho na dosari. Tanuri la chokaa hula kuni nyingi. Mikoko nayo si mali isiyokwisha: serikali ilipiga marufuku kuiuza nje ya nchi mwaka 1982, na uvunaji wa misitu uliposimamishwa mwaka 2018, wakataji wa Lamu walikosa riziki. Ama makuti, moto wa mwaka 2009 uliteketeza mamia ya nyumba katika mji jirani wa Faza. Ndiyo maana nilipoyataja, mama aliniuliza: “Mwanangu, nyumba iungue mara ngapi ndipo iitwe rafiki wa mazingira?”

Mama ana hoja nyingine, nayo ni maji. Kisiwa chetu hakina mto. Tangu zamani watu wamekinga mvua kwa majabia. Paa la makuti halikingi maji safi, ilhali la mabati hukinga.

Je, basi tujenge kwa saruji na chuma kuanzia msingi hadi paa? La hasha. Saruji huvushwa baharini kwa gharama, na mchanga wa ufuoni una chumvi inayoozesha nondo hadi zege likapasuka. Nyumba inayobomoka mapema ni hasara kwa mwenyewe na kwa mazingira pia.

Pendekezo langu, kwa hivyo, ni kuta za mawe na udongo zilizopigwa lipu ya chokaa. Boriti chache zilizokatwa kwa kibali. Madirisha yanayopokea upepo wa kusi na wa kaskazi. Na paa la mabati lenye dari na nafasi ya hewa chini yake, likimimina maji birikani. Saruji itumike pale tu isipoepukika, kama vile katika birika hilo.

Naam, mbacha tusiuache, lakini palipotoboka tupatie kiraka. Nyumba inayofaa ni ile ambayo mama atalala ndani yake bila ya kuuhofia moto, na asubuhi akachota maji uani.